Chungu cha Kwanza, Chungu cha Pili

Ukumbi wangu una mabenchi tisa, na viti vya plastiki ambavyo navitoa siku za mechi kubwa tu, maana vijana wa Marani wakifungwa bao huvipiga teke. Uko nyuma ya duka la mbolea na mbegu, hatua chache kutoka steji ya Probox zinazoenda Kisii mjini. Juu mabati, madirishani turubai jeusi, ndani televisheni mbili na dekoda moja. Mechi ya kawaida ni shilingi 30. Arsenal wakikutana na Manchester United ni 50, na sijawahi kusikia mtu akinung'unika. Mimi mwenyewe sina timu. Hawaniamini nikisema hivyo, lakini mwenye ukumbi akishakuwa na timu, wateja wa timu nyingine watatafuta ukumbi mwingine, na siku timu yake ikifungwa hata chai haitapikika.

Kabla ya ukumbi nilikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai. Nilipima, nikaandika, nikajumlisha, nikatukanwa. Kwa hiyo kelele za watu wanaobishania namba hazinitishi. Na kelele za ukumbini, nikizisikiliza vizuri, ni za namba zaidi ya za mpira. Bao likiingia kila mtu ameliona; asiyekubali anasubiri marudio kwenye skrini, ananyamaza. Kinachowavua watu makoti ni orodha: klabu gani iko juu ya nyingine huko Ulaya, na nani kasema.

Kila mmoja huja na orodha yake. Seremala wetu, Liverpool wa kufa na kupona, huhesabu makombe. Kinyozi wa Chelsea huhesabu kombe la mwisho kuchukuliwa, hasa likiwa lake. Mzee mmoja aliyeanza kuipenda Manchester United mwaka 1999, wa mataji matatu, huhesabu heshima, kipimo ambacho hakuna mkaguzi anayeweza kukifungua. Vijana wa bodaboda, ambao wengi wao ni Arsenal, huhesabu walichokiona kwa macho yao juma lililopita. Na binti wa dada yangu, anayesomea takwimu chuoni, akija likizo huja na orodha ya kwenye simu, jambo ambalo huwakera wote kwa pamoja.

Alhamisi ya tarehe 28 Agosti 2025, saa moja usiku, kulikuwa na droo ya Ligi ya Mabingwa kule Monaco. Droo sitozi kiingilio; nauza chai na mandazi. Timu 36 zilikuwa zimepangwa katika vyungu vinne, tisa tisa. Majina ya chungu cha kwanza yakaja kwenye skrini: Paris Saint-Germain, Real Madrid, Manchester City, Bayern, Liverpool, Inter, Chelsea, Dortmund, Barcelona. Arsenal wakaonekana chungu cha pili.

Kinyozi alisimama juu ya benchi. Sitarudia aliyoyasema kuhusu Arsenal, lakini yalichukua muda.

Sasa uwaelewe na vijana wa bodaboda. Msimu uliokuwa umeisha, Arsenal walimaliza wa pili Uingereza kwa pointi 74. Chelsea walimaliza wa nne kwa 69. Arsenal walikuwa wamefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na njiani walikuwa wamempiga Real Madrid 3-0 pale London, Declan Rice akipachika frikiki mbili, kisha wakaenda Bernabeu wakashinda tena 2-1. Chelsea msimu huohuo hawakuwa hata kwenye mashindano hayo. Walikuwa Conference League, ngazi ya tatu ya Ulaya, wakiwafunga Noah wa Armenia mabao 8-0. Halafu Chelsea chungu cha kwanza, Arsenal cha pili? Kijana mmoja aligeuka akaniuliza, "Mama, huyu anayepanga ni nani?"

Anayepanga ni UEFA, na hapangi kwa macho. Anapanga kwa daftari. Nilichukua chaki, nikafuta ratiba ya Jumamosi ubaoni, nikawaandikia.

Kila klabu inayocheza Ulaya hupata pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare, kuanzia hatua ya makundi, ambayo siku hizi imekuwa hatua ya ligi, na kuendelea. Mabao hayahesabiwi: 8-0 ni pointi 2, na 1-0 ya dakika ya mwisho ni pointi 2. Mikwaju ya penalti haihesabiwi pia. Kinachoandikwa ni matokeo ya uwanjani kabla ya penalti. Juu ya hizo kuna bonasi za kufika mbali, na hapa ndipo Ligi ya Mabingwa inapoyaacha mashindano mengine, kwa sababu bonasi zake ni nono. Kisha zinajumlishwa pointi za misimu mitano ya mwisho. Hiyo jumla ndiyo orodha, na orodha ndiyo inayojaza vyungu, isipokuwa bingwa mtetezi ambaye huingia cha kwanza moja kwa moja.

Misimu mitano iliyohesabiwa kwa droo ile ilianza 2020/21 na kuishia 2024/25. Chelsea, kwa mfuatano: 33, 25, 21, 0, 30. Jumla 109. Arsenal: 23, 0, 17, 22, 36. Jumla 98. Barcelona, wa mwisho kuingia chungu cha kwanza, walikuwa na 103.25.

Ukumbi ulinyamaza kidogo, kama watu wanaosoma risiti. Kisha wakaanza kuichambua, na lazima nikiri kwamba waliichambua vizuri kuliko watangazaji wengi.

Ile 33 ya Chelsea ni mwaka waliochukua kombe lenyewe, Mei 2021 pale Porto, bao la Kai Havertz dhidi ya Manchester City. Ile 0 yao ni 2023/24, walipokuwa wamemaliza wa 12 ligini na kukosa Ulaya kabisa. Sifuri ya Arsenal ni ya 2021/22, baada ya kumaliza wa nane, mara yao ya kwanza kukosa Ulaya katika miaka 25. Kwa hiyo kila mmoja ana shimo lake. Tofauti ni kwamba Arsenal 23 zao na 17 zao walizipata Europa League, wakati Chelsea wa miaka hiyo walikuwa wakila bonasi za Ligi ya Mabingwa.

Kilichowauma vijana zaidi ni ile 30 ya mwisho. Chelsea walipata 30 kwa kuchukua Conference League, wakiwapiga Betis 4-1 kwenye fainali. Arsenal walipata 36 kwa kumtoa Real Madrid mashindanoni. Tofauti ya pointi sita! "Yaani kumfunga Noah na kumfunga Madrid ni kitu kimoja?" Kwa pointi za mechi, ndiyo, ni kitu kimoja: mbili na mbili. UEFA hutofautisha mashindano kwa bonasi tu. Kuna hoja ya kuutetea utaratibu huo, nayo ni kwamba klabu hucheza na anayepangiwa, na katika kila shindano kushinda mechi nyingi mfululizo si mchezo. Niliitoa hoja hiyo. Nilizomewa.

Mwendesha bodaboda mmoja, ambaye siku zote hukaa mlangoni ili asikie abiria akimwita, ndiye aliyeuliza swali la maana. Kwa nini pointi za 2021 zina uzito sawa na za 2025? Waliocheza 2021 wengine wamestaafu. Kocha wa Chelsea aliyechukua lile kombe, Thomas Tuchel, sasa anafundisha timu ya taifa ya Uingereza. Ni haki gani kijana wa leo avae sifa za mtu aliyekwisha kuondoka?

Hapo ndipo nilipowaonyesha kitu ambacho kinyozi hajanisamehe hadi leo. Sisi Afrika tunayo orodha kama hiyo. CAF nao wanajumlisha miaka mitano, ila hawaipi uzito sawa: mwaka wa karibuni unazidishwa kwa 5, uliotangulia kwa 4, kisha 3, kisha 2, na wa zamani kabisa kwa 1. Nikachukua namba zilezile za ubaoni, nikazizidisha kwa desturi ya Cairo badala ya desturi ya Uswisi. Chelsea: 33, 50, 63, 0, 150. Jumla 296. Arsenal: 23, 0, 51, 88, 180. Jumla 342.

Unaweza kukisia. Vijana walipiga picha ubao ule kwa simu zao, mmoja akaifanya picha yake ya WhatsApp. Kinyozi akasema hesabu za kuku hazipimi ng'ombe. Nami sikusema CAF wako sahihi na UEFA wamekosea. Nilisema mechi ni zilezile, pointi ni zilezile, kilichobadilika ni mtu mmoja ofisini aliyeamua kama jana ni kubwa kuliko juzi. Huo ni uamuzi, si mpira.

Halafu nikaziharibia sherehe pande zote mbili. Katika mfumo ulioanza 2024/25 kila timu hucheza mechi nane, na hupangiwa wapinzani wawili kutoka kila chungu. Kila chungu, pamoja na chake yenyewe. Maana yake, aliye chungu cha kwanza hakwepi vigogo kama zamani: naye atakutana na wawili wa chungu cha kwanza. Droo ilipokwisha usiku ule, Chelsea wa chungu cha kwanza walikuwa wamepewa Barcelona na Bayern. Arsenal wa chungu cha pili walikuwa wamepewa Bayern na Inter. Tafuta faida hapo. Zamani, enzi za makundi ya timu nne, chungu kilikuwa mali kwelikweli; siku hizi kwa upande wa ratiba ni kama kiti cha mbele kwenye matatu. Unafika saa ileile na wa nyuma.

Lakini msidhani orodha ni pambo. Iko mahali inapouma, na mahali penyewe ni kwenye fedha. Kuanzia 2018 hadi 2024, asilimia 30 ya mgao wa Ligi ya Mabingwa iligawanywa kwa kuangalia rekodi ya klabu ya miaka kumi. Tangu 2024 kuna fungu jingine la asilimia 35 linalochanganya thamani ya soko la televisheni na hizo rekodi za nyuma. Aliyeshinda jana analipwa tena leo kwa sababu alishinda jana, na kwa fedha hiyo ananunua mchezaji wa kumshindia kesho. Nikiwa karani wa majani chai nilijua wakulima ambao wangepindua mizani kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na orodha humpeleka mtu safari. Juni na Julai 2025, Kombe la Dunia la Klabu lilipochezwa Marekani na timu 32, tuliwaona Red Bull Salzburg wa Austria wakiwa ndani. Liverpool, bingwa mpya wa Uingereza, yuko nyumbani. Barcelona, bingwa wa Hispania, nyumbani. Napoli, bingwa wa Italia, nyumbani. Seremala aliapa kwamba kuna rushwa. Hakukuwa na rushwa, kulikuwa na kanuni: waliochukua Ligi ya Mabingwa kati ya 2021 na 2024 waliingia kwa kombe, waliobaki wakaingia kwa orodha ya miaka minne, na kila nchi ilikuwa na kikomo cha klabu mbili. Uingereza ilishajazwa na Chelsea wa 2021 na Manchester City wa 2023. Hispania ikajazwa na Real Madrid na Atletico. Liverpool hata angekuwa na pointi za kujaza gunia, mlango ulishafungwa, na Salzburg wakapita. Kisha Chelsea, walioingia kwa tiketi ya zamani ya Porto, wakalichukua kombe lenyewe kwa kumpiga PSG 3-0 kwenye fainali. Kesho yake kinyozi alinyoa watu bure hadi saa sita mchana. Nina mashaka na hesabu ya biashara yake, lakini furaha haina mizani.

Orodha ya nchi ni jambo jingine, nayo huku kwetu Kisii na Nyamira inaeleweka haraka kuliko kwingine, kwa sababu inafanana na wastani wa shule kwenye KCSE. Hapa mtoto wa darasa la nne anajua kwamba shule haipimwi kwa mwanafunzi wake mmoja aliyepata A. Pointi za watahiniwa wote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi yao. Nyambaria ilipoongoza kwenye kurasa za magazeti kwa matokeo ya 2022, kulikuwa na wazee sokoni waliokuwa wakigawanya kwa kalamu juu ya karatasi ya sukari. UEFA hufanya hivyohivyo: pointi za klabu zote za nchi kwa msimu, gawanya kwa idadi ya klabu zilizoanza. Msimu wa 2024/25 Uingereza, yenye klabu saba, ilipata wastani wa 29.464, Hispania 23.892. Nchi mbili zenye wastani mkubwa wa msimu hupewa nafasi moja ya ziada kila moja katika Ligi ya Mabingwa inayofuata. Ndivyo Newcastle, wa tano Uingereza, walivyoingia, na Villarreal, wa tano Hispania.

Mzee wa Manchester United alilipenda jambo hili kupita kiasi. Timu yake ilikuwa imemaliza ya 15. Ya kumi na tano, mzee! Ila ilifika fainali ya Europa kule Bilbao bila kufungwa njiani, na kila ushindi uliingia kwenye kapu la Uingereza. Kwa hiyo, alisema, sisi ndio tuliompeleka Newcastle shule. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha nani alishinda hiyo fainali. Kisha seremala akaupata moyo: Tottenham, 1-0, bao la Brennan Johnson, nao walikuwa wamemaliza wa 17, nafasi moja tu juu ya wanaoshuka daraja. Tottenham wa 17 wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa kombe. United wa 15 wakabaki bila Ulaya yoyote. Yupi mkubwa kati yao? Ubishi huo ulimaliza sufuria mbili za chai, nami nikauacha uendelee.

Seremala, kama nilivyosema, hana haja na wastani. Yeye ni makombe: Real Madrid 15, Milan 7, Liverpool na Bayern 6 kila mmoja, Barcelona 5. Orodha hiyo ina uzuri wake. Haibadiliki kila wiki, na mtoto anaweza kuikariri. Ubaya wake ni kwamba inamweka Nottingham Forest, mwenye makombe mawili ya 1979 na 1980, juu ya Arsenal, ambaye hadi usiku ule wa droo hakuwa na hata moja. Vijana wa bodaboda wakilisikia jina la Forest huanza kuwasha pikipiki.

Ila seremala ana kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Fainali ya 2019 pale Madrid, Liverpool wakiongoza 1-0 dhidi ya Tottenham, aliyefunga bao la pili dakika ya 87 ni Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, aliwahi kuvaa jezi ya Shabana ya Kisii kabla ya kwenda kucheza Ubelgiji, ambako alichukua ubingwa na Genk mwaka 1999. Kwa hesabu ya seremala, kombe la sita la Liverpool ni la Anfield nusu, nusu la Gusii Stadium. UEFA hawana safu ya kuandikia hilo.

Nimebakiza orodha ya binti wa dada yangu. Yeye hutuambia kwamba sote tunahesabu matokeo tu, wakati ilipaswa kuhesabiwa pia yalipatikana kwa nani. Mfumo anaouamini ulianza kwenye chesi. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungary na kufundisha Marekani, alibuni namna ya kumpa kila mchezaji namba: ukimshinda mwenye namba kubwa kuliko yako unapata nyingi, ukimshinda dhaifu unapata chembe, ukifungwa na dhaifu unapoteza furushi zima. Shirikisho la chesi duniani liliuchukua mfumo huo mwaka 1970, na FIFA wakauchukua kwa timu za taifa za wanaume Agosti 2018. Kwa klabu kuna watu binafsi wanaoukokotoa, na Opta wana orodha yao inayoipa kila klabu alama kati ya 0 na 100, kuanzia vigogo wa Ulaya hadi klabu ambazo uwanja wake unalishiwa ng'ombe.

Katika orodha za namna hiyo, Noah na Real Madrid si kitu kimoja. Vijana wa Arsenal walizipenda kwa muda wa dakika tano, hadi binti aliposogeza kidole na kuwaonyesha kwamba namba hiyo huporomoka kwa kufungwa mechi mbili. Orodha ya Elo haina kumbukumbu ya makombe. Inajibu swali moja tu: wakikutana kesho, nani ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda? Ndiyo maana wanaoipenda kuliko wote ni wacheza kamari, na ndiyo maana ukumbini kwangu mtu akianza kusoma namba hizo huku amefungua ukurasa wa kubeti, namwomba akanunue chai kwanza. Nimeona pesa za karo zikiondoka kwa desimali.

Kwa hiyo nikiulizwa klabu gani ni bora Ulaya, siku hizi nauliza kwanza unataka jibu la kazi gani. La kupanga droo? La kugawa fedha? La kubashiri Jumamosi? La kumnyamazisha kinyozi? Orodha ya UEFA haikutengenezwa kutuambia nani anacheza vizuri leo. Ni daftari la madeni na malipo la shirika linaloendesha mashindano, na kwa kazi hiyo linatosha. Kulilaumu kwamba halimtambui Declan Rice ni kuulaumu mzani wa chai kwamba hauonji.

Kinachonishangaza ni kwamba hao hao wanaojua kwa kichwa pointi za Dortmund hawajui kwa nini nchi yao hupeleka klabu moja moja Afrika. Siku sita kabla ya droo ile, Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, nilijaza ukumbi kuliko siku yoyote ya Arsenal: Harambee Stars na Madagascar, robo fainali ya CHAN pale Kasarani, 1-1, tukatolewa kwa penalti. Watu walisimama hadi nje kwenye tope. Kwa hiyo usiniambie watu hawapendi cha nyumbani. Wanakipenda, ila hakuna aliyewaandikia ubaoni.

Basi siku nyingine nikaandika. CAF huzipa nchi 12 za juu nafasi mbili katika Ligi ya Mabingwa Afrika na mbili katika Kombe la Shirikisho. Zilizobaki hupata moja moja. Tanzania imo ndani ya 12, na msimu wa 2025/26 ilipeleka Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars. Kenya ilipeleka Kenya Police na Nairobi United. Watanzania wamefikaje huko? Kwa kuingia makundi kila mwaka na kukaa humo. Yanga walifika fainali ya Shirikisho 2023, wakalikosa kombe kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger. Simba walifika fainali ya 2025, wakafungwa na Berkane. Mshindi wa pili wa Shirikisho hupata pointi 4. Zidisha kwa 5 kwa mwaka ule, ni 20 za Tanzania kwa safari moja ya Simba.

Sisi? Gor Mahia walifika robo fainali ya Shirikisho mwaka 2019. Pointi 2, mara 5, ni 10. Mwaka uliofuata zikawa 8, kisha 6, kisha 4, kisha 2, kisha hazipo. Hakuna aliyetupokonya, ziliyeyuka kwa sababu hatukuongeza nyingine za kutosha. Na angalia tofauti nyingine na Ulaya: CAF hawagawanyi kwa idadi ya klabu. Wanajumlisha tu. Mwenye klabu nne ana ndoano nne majini, na sisi tuna mbili.

Nairobi United, waliochukua Kombe la FKF wakiwa bado daraja la pili, walifika hatua ya makundi ya Shirikisho msimu huo baada ya kuwatoa Etoile du Sahel wa Tunisia, wakapangwa kundi moja na Wydad, Maniema na Azam. Anayeshika mkia wa kundi hupata nusu pointi. Vijana walicheka niliposema nusu pointi. Nikazidisha kwa 5 mbele yao: mbili na nusu, na mwaka wa pili zimebaki mbili. Wakaanza kuuliza nani mwingine anacheza lini, na dekoda inaonyesha chaneli gani.

Shabana waliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 huko chini, Probox za Marani zilijaa kila walipocheza Gusii Stadium. Seremala alitaka kujua njia yao. Nikamwambia: chukua ligi au Kombe la FKF, pita raundi mbili za mwanzo, ingia kundini, kisha tutaanza kuzidisha. Akaandika kwenye kipande cha ubao wa msonobari kwa penseli ya kazi.

Mzee wa Manchester United, ambaye siku hiyo alikuwa kimya wakati wote, akauliza je, kombe la Gor la 1987, lile walilolitwaa mbele ya Esperance kwa bao la ugenini, lina pointi ngapi kwenye hesabu yangu.

"Halimo, mzee. Ni miaka mitano tu."

"Basi anza upya," akasema, "na uanzie hapo."